Mguu na Unyayo: Niliyojifunza Nikiandika Madai ya Ngozi ya Kupandikiza

Dai la kwanza la bima kurudishwa mezani kwangu lilirudi kwa sababu ya neno mguu. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, katika kliniki ya madonda sugu katika jimbo la Ohio, nikiwa na cheti kipya cha kuandika misimbo ya matibabu, cheti ambacho mtihani wake una maswali 100 ya kujibiwa kwa saa 4, na nilidhani kwamba aliyeuvuka mtihani ule hana la kuogopa tena. Daktari alikuwa amempandikiza mgonjwa wa kisukari ngozi iliyotolewa na marehemu, juu ya donda lililokuwa upande wa chini wa mguu wa kushoto, karibu na kidole gumba. Katika maelezo yake alitumia neno la Kiingereza linalotaja sehemu iliyo chini ya kifundo peke yake. Mimi niliyelelewa Tanga, ambako mguu ni mguu tangu nyonga hadi kucha, nililisoma kwa akili ya nyumbani, nikaandika msimbo 15271 na kulituma dai.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Nchini Marekani kila jambo analofanyiwa mgonjwa huandikwa kwa nambari kabla bima haijalipa, na kazi ya kupandikiza ngozi mbadala, yaani ngozi isiyotoka mwilini mwa mgonjwa mwenyewe, ina misimbo 8 iliyoanza kutumika mwaka 2012, kuanzia 15271 hadi 15278. Minne ya kwanza ni ya kiwiliwili, mikono na miguu. Minne ya pili ni ya uso, kichwa, shingo, masikio, sehemu za siri, viganja, nyayo na vidole, mahali ambapo kazi ni ngumu zaidi kwa sababu ngozi inakunjwa, inakanyagwa au inaonekana na watu. Mpaka kati ya makundi hayo mawili unapita katikati kabisa ya maneno yetu mawili ya kila siku. Mkono wa Mswahili unaanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Kwa mwandishi wa misimbo, sehemu yake ya juu iko kundi la kwanza na kiganja kiko kundi la pili. Mguu ni hivyo hivyo. Lugha yetu haina upungufu, maana tunayo unyayo, wayo, muundi, paja, kiganja na kigasha, ila hatuna mazoea ya kuyatumia mtu akisema tu kwamba anaumwa mguu.

Msimbo wa ugonjwa nilikuwa nimeupata sawasawa. Kwanza E11.621, kisukari cha aina ya pili chenye donda la unyayo, kisha L97.522, donda sugu la unyayo wa kushoto lililofika kwenye mafuta chini ya ngozi. Mpangilio huo nao una sheria yake: kisukari hutangulia na donda hufuata, kwa kuwa kimoja ndicho kilichozaa kingine. Basi dai langu lilikuwa likisema kwamba mgonjwa ana donda la unyayo na daktari amempandikiza ngozi mguuni juu ya kifundo. Bima ililirudisha likiwa na sababu nambari 11, maana yake ugonjwa ulioandikwa haupatani na kazi iliyofanywa. Msimamizi wangu, mama mmoja aliyekuwamo katika kazi hiyo tangu madai yakipelekwa kwa bahasha, alilitazama kwa sekunde chache tu, akaniambia, “Umemshonea mtu ngozi mahali pasipo na kidonda.” Hakucheka. Tangu siku ile, kila ninapofungua faili, kabla sijagusa nambari yoyote ninachora kwenye karatasi umbo la mtu, kama watoto wanavyochora, kisha ninaweka nukta mahali lilipo donda. Ikiwa siwezi kuiweka nukta hiyo kwa uhakika, ninamwandikia daktari kumwuliza. Donda lililo karibu na kifundo ndilo linalonifanya niulize mara nyingi kuliko mengine yote.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi, na nitalikalia kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonionyesha kwamba katika dai moja kuna vipimo viwili ambavyo kwa macho vinafanana.

Siku moja niliomba ruhusa ya kusimama katika chumba cha matibabu, kwa kuwa nilichoka kuandika vitu nisivyoviona. Muuguzi aliliosha donda, akatoa rula ya karatasi, ile ya kutumiwa mara moja na kutupwa, akaiweka kando ya donda na kupiga picha. Urefu sentimita 4, upana sentimita 3.5. Daktari akakata pembeni nyama iliyokufa hadi damu ikachungulia, kwa maana ngozi ya kupandikiza haishiki juu ya nyama mfu. Kisha ikafunguliwa pakiti. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mraba, rangi ya maziwa yaliyochujuka, sentimita 4 kwa 4, chembamba kiasi kwamba muuguzi alikishika kwa vibanio viwili kama mtu anayebandua utando juu ya uji. Daktari alikilaza juu ya donda, akakipunguza ukingo kwa mkasi, akakishikiza kwa vipande vya gundi. Ule ukanda aliokata ulibaki kwenye sinia, umejikunja. Kwenye pakiti mlikuwa na vibandiko vidogo vyenye nambari ya tishu, na muuguzi alibandua kimoja na kukibandika katika faili la mgonjwa, ili ikitokea kasoro yoyote ijulikane kipande hiki kilitoka kwa mtoaji gani na kilikwenda kwa mgonjwa yupi.

Hesabu yake ni hii. Kazi ya daktari hupimwa kwa ukubwa wa donda: 4 mara 3.5 ni sentimita za mraba 14, na kwa kuwa ni unyayoni na hazizidi 25, msimbo ni 15275, mara moja tu. Ngozi yenyewe ina msimbo wake mwingine, unaoanza na herufi Q, na huo huhesabiwa kwa kila sentimita ya mraba ya kipande. Kipande kilikuwa na sentimita 16. Zilizokwenda juu ya donda ni 14, zilizotupwa ni 2. Kwa hiyo mstari mmoja wa dai ulipaswa kusema 14, na mstari wa pili, wenye herufi za nyongeza JW, ulipaswa kusema 2, maana herufi hizo hutangaza kwamba hiki kililipiwa lakini kilitupwa. Ikiwa hakuna kilichotupwa, tangu Julai 2023 mtu hakuweza kunyamaza tu. Alipaswa kuandika JZ, yaani atamke kwa kauli yake kwamba hakikubaki kitu.

Mimi kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiandika 16 katika mstari mmoja. Nilijitetea moyoni kwamba jumla ni ile ile. Bima ililipa, ikalipa, ikalipa tena, halafu ikaomba mafaili. Mkaguzi alilinganisha picha ya rula na mstari wa dai, akaona donda la sentimita 14 limewekewa ngozi ya sentimita 16, na katika maelezo ya daktari hakuna hata neno moja kuhusu mabaki. Pesa za yale mabaki zilirudishwa, dai baada ya dai. Nilipopinga kwamba hatukumwibia mtu, msimamizi alinijibu kwamba si suala la wizi. Dai ni ushahidi, na mimi nimetoa ushahidi kwamba sentimita 16 zimo mwilini mwa mgonjwa, ilhali 2 zilikwenda kwenye pipa la taka. Sikupata la kumjibu.

Mambo mengine ya hesabu niliyazoea upesi zaidi. Madonda yaliyo katika kundi moja hujumlishwa: mgonjwa mwenye donda la sentimita 18 kwenye muundi wa kulia na la 12 kwenye muundi wa kushoto ana sentimita 30, basi 15271 mara moja kwa zile 25 za kwanza na 15272 mara moja kwa zilizozidi. Donda la muundi na la unyayo hayajumlishwi kamwe, hata yakiwa ya mguu mmoja. Jumla ikifika 100, mtu huhamia misimbo mingine inayohesabu kwa mamia. Hayo yameandikwa vitabuni na anayesoma huyapata.

Lakini kuna sharti moja ambalo wageni wengi hawaliamini mpaka wapate hasara. Misimbo hii ya kupandikiza hailipi kazi ya kulaza ngozi juu ya donda na kuifunga bandeji. Ni lazima ngozi ishikizwe kwa njia aliyoichagua daktari, iwe nyuzi, pini au vipande vya gundi. Tulikuwa na daktari kijana, mpole na mwenye mikono mizuri, ambaye aliandika kila mara kwamba amefunika donda kwa ngozi na kulifunga. Nilimwendea na faili tatu. Akaniambia kwa mshangao kwamba bila shaka aliishikiza, nani asiyejua kwamba huishikiza! Nikamwambia, “Daktari, mimi nilikuwa ofisini. Ninachokijua ni hiki ulichoniandikia.” Aliongeza maelezo, akaweka tarehe ya siku aliyoyaongeza na si ya siku ya matibabu, na hapo ndipo niliyatuma. Ningeweza kuyatuma bila kumsumbua, kwa kuwa nilijua ukweli wake. Nimeona waandishi wakifanya hivyo, na sidhani kuna njia fupi zaidi ya kuipoteza leseni ya mtu mwingine.

Sasa niseme juu ya ngozi yenyewe inakotoka, maana mtu anaweza kuandika herufi Q miaka mingi asijiulize. Ziko zinazotoka kwa marehemu, kama ile ya Q4121, TheraSkin, ambayo ni ngozi ya binadamu iliyogandishwa. Ziko zinazotengenezwa kwa utando wa chupa ya uzazi, uliotolewa na akina mama baada ya kujifungua kwa upasuaji. Iko pia Apligraf, Q4101, iliyokuzwa maabara kutokana na seli za govi la watoto waliotahiriwa. Habari hiyo nilimsimulia shangazi yangu kwa simu, akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama hayo magovi nayo yana bei. Kwetu kondo la nyuma huzikwa, na mtu husema kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake. Kwa hiyo siku nilipofungua orodha ya bei za bidhaa za utando ule nilihisi kama mtu anayepekua sanduku la mwenzake.

Na bei zilikuwa na mambo yake. Hadi mwisho wa mwaka 2025, Medicare, bima ya serikali ya wazee, ilimlipa daktari wa kliniki kama yetu bei ya wastani ya soko ya bidhaa pamoja na asilimia 6 juu yake. Asilimia 6 ya kitu cha dola 100 ni dola 6, na ya kitu cha dola 1,000 ni dola 60, na bidhaa zilizozidi dola 1,000 kwa sentimita moja ya mraba zilikuwapo. Hebu fikiri ni ipi wauzaji walituletea kwa bidii zaidi. Mmoja alikuja na kahawa na keki, akatueleza kwamba vipande vikubwa ni salama kuliko vidogo kwa kuwa daktari hatapungukiwa, na kwamba mabaki si tatizo kwa sababu JW inalipa. Alikuwa amekwisha kuyageuza mabaki kuwa mapato. Msimamizi alimshukuru kwa keki. Matumizi ya Medicare kwa ngozi mbadala yalipanda kutoka takriban dola milioni 252 mwaka 2019 hadi zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2024, na huko Arizona mume na mke walikiri mahakamani kuhusika katika madai ya uongo ya zaidi ya dola bilioni 1.2, ambapo vipande vya utando viliwekwa hata kwa wazee waliokuwa mahututi. Januari 2026 serikali iliifuta ile njia ya kulipa na kuweka bei moja ya takriban dola 127 kwa sentimita ya mraba kwa karibu bidhaa zote. Wale waliokuwa wakituletea keki hatukuwaona tena. Mimi binafsi naona bei hiyo ilichelewa, ingawa ninafahamu kwamba kliniki ndogo za vijijini zinazohudumia wagonjwa wenye madonda makubwa zimebanwa kwelikweli.

Mgonjwa aliyenifanya niyatazame haya yote upya ni mzee mmoja wa pwani ya Kenya, ambaye wanawe walimleta Marekani uzeeni. Ameniruhusu nisimulie, na mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike. Alikuja dirishani kwetu na karatasi ya Medicare iliyokunjwa mara nne, na mkalimani wa siku hiyo hakuwapo, basi wakaniita mimi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nisomee hii.”

Nilimsomea. Ilikuwa kabla ya bei mpya. Ngozi peke yake ilikuwa imeandikwa kwa zaidi ya dola 11,000, na asilimia 20 ya bei hiyo, ambayo ilikuwa juu yake mwenyewe kuilipa kwa kuwa hakuwa na bima ya ziada, ilizidi dola 2,000. Hakushtuka kama nilivyotazamia. Aliuliza swali jingine.

“Ngozi hii ni ya nani?”

Nikamwambia ni ya mtu aliyefariki, ambaye yeye au jamaa zake waliridhia itolewe.

“Na hao jamaa walilipwa ngapi?”

“Hawakulipwa, mzee. Walitoa bure. Sheria ya hapa, ya mwaka 1984, inakataza viungo vya binadamu kuuzwa, na ngozi imetajwa humo.”

“Kama haiuzwi, hizi elfu kumi na moja ni za nini?”

Nikaanza kumweleza kama nilivyofundishwa: kwamba sheria ile ile inaruhusu malipo ya haki kwa kuitoa, kuipima magonjwa, kuitengeneza, kuihifadhi na kuisafirisha, na kwamba benki ya tishu, yaani mahali zinapohifadhiwa ngozi hizo, ina wataalamu, majokofu na ukaguzi. Yote ni kweli. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu ya watu wa zamani, mikono yote miwili juu ya kichwa cha mkongojo, kisha akasema, “Kwa hiyo maji ni ya Mungu, ninalipa ndoo.” Nikasema ndiyo, ndivyo. “Ndoo ghali hii,” akasema, na hapo ndipo aliponiomba nimtafutie namna ya kulipa kidogo kidogo.

Nilipolifungua faili lake kutafuta njia hiyo, nilikuta jambo ambalo uzito wake niliuelewa baadaye. Donda lake lilikuwa lile la sentimita 14. Ukanda uliojikunja kwenye sinia ulikuwa wake. Na dai lake lilikuwa mojawapo ya yale niliyoandika 16 katika mstari mmoja, ambayo wakati ule hayajakaguliwa bado, nami nilikuwa sijajua kwamba ni kosa. Baadaye, pesa za sentimita 2 ziliporudishwa kwa bima, na yeye alipunguziwa sehemu yake. Nilimpigia simu kumweleza, na ilinibidi nimwambie ni kwa nini, kwamba nilimwandikia ngozi nyingi kuliko iliyomo mwilini mwake.

“Zilizobaki zilikwenda wapi?” akauliza.

“Zilitupwa, mzee. Haziwezi kutumika kwa mtu mwingine zikishafunguliwa.”

Akanyamaza. Donda lake lilikuwa limekwisha kufunga wakati huo, baada ya kupandikizwa mara tatu. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe, hana miadi, akasema ameambiwa na muuguzi kwamba benki za tishu hupokea barua za shukrani kwa jamaa za mtoaji, bila kutaja majina, na anataka nimwandikie kwa Kiingereza. Nilichukua kalamu. Alisema maneno ya kawaida ya kushukuru na dua kwa marehemu, nami nikayaandika bila taabu. Kisha akaniuliza ilikuwa sentimita ngapi kile kipande cha kwanza, nikamwambia 16.

“Andika kwamba nilipewa sentimita kumi na sita,” akasema, “na mbili katika hizo zilitupwa, si kwa kupenda kwangu. Waambie ninaomba radhi kwa hizo mbili.”

Nikaandika.